Goti la Nani?

Mwalimu wetu wa judo alisema "hiza-gatame", akapiga kofi moja, tukaanza. Nilimdaka mwenzangu mguu, nikajiangusha chali, nikaubana kati ya mapaja yangu na kuunyoosha kwa nguvu zote za kiuno. Mlio niliousikia ulikuwa wa muwa unaovunjwa gotini. Alikuwa hajapata hata nafasi ya kugonga mkeka kuonyesha amekubali kushindwa.

Mwenzangu huyo ni fundi vigae. Riziki yake iko magotini: asubuhi anapiga magoti kwenye sakafu ya mtu, jioni ndipo ananyanyuka. Hospitali walisema kano ya goti imevutika, wakamfunga bandeji nene na kumkataza kazi. Miezi mitatu hakupiga magoti, hata sala alikuwa anaswali ameketi kwenye kiti. Jioni ya siku ile ile nilikwenda kwao kumwomba radhi yeye na mama yake. Mama hakunigombeza. Alinimiminia chai, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huko kwenye mchezo wenu si mnafundishwa?"

Tulifundishwa, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Hiza ni goti, nilijua. Gatame ni kukaza, nalo nilijua. Nami nilikaza goti, kama jina lilivyoagiza. Nisichojua ni kwamba jina lilikuwa linazungumzia goti langu mimi.

Mwalimu wetu alikuwa Mjapani wa kujitolea, kijana mpole ambaye Kiswahili kilimwingia upesi kuliko judo ilivyotuingia sisi. Siku ya mazoezi iliyofuata alikuja na kipande cha katoni ya sabuni na kalamu ya wino mnene. Hakunisema mbele ya watu. Alisema kosa ni lake kwa sababu alilikata jina, halafu akaliandika lote: ude-hishigi-hiza-gatame. Akapiga mstari wima katikati.

Kushoto kwa mstari, ude-hishigi. Ude ni mkono, kuanzia begani kushuka hadi karibu na kiganja. Hishigi ni kuseta, kuponda. Mkono wa nani? Wa anayefanyiwa. Kulia kwa mstari, hiza-gatame, kukaza kwa goti. Goti la nani? La anayefanya. Soma yote pamoja upate sentensi nzima: mkono wake nausetea kwa kuukaza na goti langu. Umelala chali, mkono wa mwenzako umeubana kwapani, wayo wako mmoja unamzuia nyonga asikusogelee, na goti la upande wa pili linakandamiza kiwiko chake mpaka mkono umalize kunyooka. Mguu wake hauhusiki kabisa. Fundi yule angetoka salama na magoti yake mawili.

Nilikaa na katoni ile mkononi muda mrefu. Miaka miwili nilikuwa nikiyakariri majina haya kama mtoto wa chuo anayekariri sura asizojua maana yake, kwa sauti nzuri na kwa mpangilio. Na kwa kinywa cha Mswahili Kijapani ni chepesi kutamka, karibu kila silabi inafunguka kwa irabu: u-de-ga-ra-mi, hi-za-ga-ta-me. Wepesi huo ndio uliotudanganya. Neno lisipokukwama kooni huoni haja ya kulichunguza.

Kodokan, shule mama ya judo iliyoanzishwa Tokyo na Jigoro Kano mwaka 1882, leo inatambua mbinu 100. Za kutupa ni 68, za kukaza ni 32. Ndani ya hizo 32 kuna za kubana mtu chini, kuna za kukaba, na kuna kumi za viungo, kansetsu-waza. Kati ya hizo kumi, nane zinaanza na ude-hishigi. Klabu nyingi zinalikata neno hilo kwa sababu ni refu na kila mtu eti anajua, zikabaki juji-gatame, waki-gatame, hara-gatame na wenzake. Lakini kipande kinachokatwa ndicho kinachokuambia nani anaumia na wapi. Tena gatame si ya viungo peke yake. Kesa-gatame ni kumbana mtu kifua chini ya ubavu wako, kukatiza mshazari kama kesa, lile vazi la mtawa wa Kibudha linalopita begani. Hakuna kiungo kinachopindwa pale. Sikio la mwanafunzi linasikia gatame na gatame, na mkono wake unafanya lile analolikumbuka.

Ukishajua mstari unapita wapi, kundi zima linafunguka. Waki ni kwapa: kiwiko chake kiko chini ya kwapa langu, nakielemea. Hara ni tumbo: yeye yuko magoti na mikono chini, mkono wake nimeuvuta ukanyooka, tumbo langu linakandamiza kiwiko. Ashi ni mguu wangu. Sankaku ni pembetatu, na pembetatu hiyo ni ya miguu yangu iliyofumbatana. Juji ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Maana yake ni "herufi ya kumi", kwa kuwa kumi katika maandishi ya Kijapani ni 十, mistari miwili iliyokatizana. Mimi nimelala, yeye amelala, miili yetu imekatizana vivyo hivyo. Ukitutazama kutoka darini unaisoma herufi.

Palikuwa na jina moja ambalo Kiswahili chenyewe kilinitegea mtego. Kuna ude-gatame na kuna te-gatame, na kwetu zote mbili zinatafsirika "kukaza kwa mkono", maana mkono wetu unaanzia begani hadi ncha za vidole bila mpaka. Mjapani anatenga: ude ni huku juu, te ni huku kwenye kiganja. Katika ya kwanza natumia mikono yangu yote kuukumbatia na kuukandamiza mkono wake, katika ya pili kazi ni ya kiganja kinachoshika na kupinda. Cha ajabu, likija suala la mguu Wajapani wanafanya kama sisi. Ashi kwao ni kuanzia pajani mpaka unyayoni, neno moja, na mwanafunzi wa Kiswahili hapo hapati taabu.

Basi mimi ile mbinu ya kumvunja mtu goti niliitoa wapi? Niliitoa kwenye simu. Nje ya judo, kwenye mieleka ya kulipwa ya Kijapani na kwenye michezo mingine ya kukamatana, ipo mbinu inayoitwa hiza-juji-gatame. Ni ile ile herufi ya kumi, ila kinacholazwa katikati ni mguu na kinachonyooshwa ni goti. Huko, hiza ni ya anayefanyiwa. Na wako wanaoifupisha hiza-gatame. Jina moja, magoti mawili ya watu wawili tofauti. Nilikuwa nimeitazama usiku uliotangulia mara tatu nne, nikalala nayo kichwani, na mwalimu alipotamka yale maneno mawili mwili wangu ulikuwa umeshaamua.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kwenye klabu zetu kuna desturi ya kuona majina ya Kijapani kama mapambo ya heshima, kitu cha kuitikia kwa kuinama. Mtu akiuliza maana anajibiwa afanye mazoezi, maana itakuja. Kwangu ilikuja baada ya mlio.

Baada ya katoni ile nilianza kumfuata mwalimu kila baada ya mazoezi, neno moja kwa siku. Neno la kwanza nililoliomba lilikuwa kansetsu lenyewe, kiungo. Linaandikwa kwa herufi mbili, 関節. Ya kwanza ni lango, kizuizi. Ndiyo iliyoitwa vile vituo vya ukaguzi kwenye barabara kuu za zamani, kama kile cha Hakone, ambako msafiri alisimama na kukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kupita. Ya pili ni fundo la mwanzi, na juu ya herufi hiyo unaona kabisa alama ya mwanzi imekaa kama paa. Lango na fundo. Nilipomwambia kwamba nasi tunasema kifundo cha mguu, na kwamba muwa na mwanzi navyo kwetu vina mafundo, alicheka kwa furaha, akaandika neno kifundo kwenye daftari lake. Yeye kwao kifundo cha mkono ni tekubi, "shingo ya mkono", na kifundo cha mguu ni ashikubi, "shingo ya mguu". Tangu siku hiyo siwezi kushika kifundo cha mtu bila kukumbuka kwamba kuna anayeiita shingo, na shingo huishiki kwa pupa.

Naye aliniuliza: kiungo ni nini? Nikamwambia kimetoka kwenye kuunga. Ni kinachounganisha. Mkono ni vipande vilivyoungwa. Akaniuliza kikiharibika mnasemaje? Nikasema kimeteguka. Nilipokuwa namweleza ndipo mimi mwenyewe nikalisikia neno langu: kutega ni kuweka mtego, kutegua ni kuufyatua. Goti lililoteguka ni mtego uliofyatuka, kilichokuwa kimekaa kwa uangalifu mahali pake kimeruka. Herufi ya hishigi, 挫, ndiyo iliyomo kwenye nenza, neno la hospitali za Japani kwa mtu aliyeteguka. Kwa hiyo jina la mbinu na jina la jeraha yanatumia herufi moja, na mwanafunzi wa Kijapani anayeisoma anaonywa kabla hajashika mkono wa mtu. Sisi tuliopokea sauti bila herufi, onyo lile halikutufikia.

Hata jina la mwanzilishi lina jambo kwetu. Kano, kwa Mswahili, ni ile mishipa migumu myeupe inayoshikiza nyama kwenye mfupa. Ni bahati ya sauti tu, kwa Kijapani halina maana hiyo. Lakini daktari aliposema "kano" mbele ya fundi vigae, nami ukutani klabuni nimezoea kuitazama picha ya Kano, nilishtuka kama niliyeitwa.

Watu huniuliza kwa nini mara tunasema katame-waza na mara hiza-gatame, karami na garami, kaeshi na gaeshi, shime na jime. Wanadhani ni makosa ya tahajia. Si makosa. Neno likisimama peke yake au likitangulia lina sauti kavu mwanzoni, likiegemea neno jingine sauti hiyo mara nyingi inalegea: ka inakuwa ga, shi inakuwa ji. Mswahili ndiye wa mwisho kushangaa, maana anasema ulimi lakini ndimi, mti mrefu lakini njia ndefu, watu wawili lakini nyumba mbili. Sauti zinapokaa jirani zinaambukizana.

Usumbufu wa kweli uko kwenye kata. Kuna kata ambayo ni mfululizo wa mbinu zinazotendwa kwa utaratibu maalumu. Kuna kata ambayo ni bega, kama katika kata-gatame. Na kuna kata yenye maana ya upande mmoja kati ya viwili, kama katika kata-juji-jime, mbinu ya kukaba ambamo kiganja kimoja kinatazama juu na kingine chini. Kwa maandishi ni herufi tatu zisizofanana hata kidogo. Kwa sikio ni moja. Hapo hakuna kanuni ya kukuokoa, inabidi uulize.

Mbinu mbili kati ya kumi hazina ude-hishigi, nazo zinaishia na garami. Ya mkono ni ude-garami. Hapa mkono haunyooshwi, unakunjwa. Nashika kifundo chake, mkono wangu wa pili unapita chini ya wake na kuja kushika kifundo changu mwenyewe, mikono mitatu imesukana kama ukili. Kodokan inaiandika garami hiyo kwa herufi ya kufunga na kuziba, ile iliyomo katika neno la kuziba barua isifunguliwe. Mkono umetiwa lakiri. Naona hilo ndilo jina zuri kuliko yote kumi, kwa kuwa halitaji silaha yoyote, linataja hali tu.

Lakini ulimwenguni leo wengi wanaijua mbinu hiyo kwa jina la mtu. Masahiko Kimura, mwanajudo mzaliwa wa Kumamoto, Japani, alikwenda Brazili, na mwezi Oktoba 1951 akapambana na Hélio Gracie, mwalimu wa jiu-jitsu ya Brazili, mchezo wa kukamatana wa huko, katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Alimkunja mkono kinyumenyume kwa ude-garami. Mkono ulivunjika na Hélio hakukubali kusalimu. Ni upande wake waliorusha taulo. Wabrazili, badala ya kuificha aibu, waliipa mbinu jina la aliyewashinda, na mpaka kesho jiu-jitsu ya Brazili inasema "kimura". Nauheshimu sana uungwana huo. Hata hivyo, mwanafunzi mgeni ukimwambia kimura hujamwambia lolote kuhusu mkono, kiwiko wala upande. Haki itendeke pia kwa upande wa pili: ude-garami yenyewe haisemi kama kiganja cha anayefanyiwa kimeelekea kichwani au kiunoni. Judo inaziita zote mbili kwa jina moja, wakati Wabrazili wana kimura kwa moja na americana kwa nyingine.

Aikido, sanaa nyingine ya Kijapani ya kujihami, imechukua njia nyingine kabisa, njia ya namba. Ikkyo, nikyo, sankyo, yonkyo, gokyo: fundisho la kwanza, la pili, mpaka la tano. Mwenye kujua anajua. Zamani zilikuwa na majina ya maelezo, ude-osae, kote-mawashi, kote-hineri, tekubi-osae, ude-nobashi: kuukandamiza mkono, kuzungusha kigasha, kukisokota, kukandamiza kifundo, kunyoosha mkono. Mimi ningerudisha hayo. Namba inamfaa aliyekwisha kufundishwa, aliye mlangoni haimsaidii.

Garami ya pili ni ya mguu, ashi-garami, mguu wangu unausokota wake na goti lake linabeba uzito. Hiyo imo katika orodha ya kumi lakini mashindanoni ni marufuku. Katika mashindano ya judo kiwiko ndicho kiungo pekee kinachoruhusiwa kushambuliwa. Utaiona ashi-garami katika Katame-no-kata tu, ule mfululizo wa mbinu kumi na tano, ambamo inakuja ya mwisho kabisa, inatendwa polepole, na anayefanyiwa anagonga mapema. Hata kwenye kiwiko kuna mpaka. Ukimshika mtu kwa waki-gatame mmesimama, ukajiangusha naye moja kwa moja chini, unatolewa mchezoni papo hapo, kwa sababu uzito wa miili miwili unafika kiwikoni kabla ya mkono wa kugonga kufika mkekani. Nilipoisoma kanuni hiyo nilimwona fundi vigae. Kosa langu lilikuwa hilo hilo, kwenye kiungo kingine. Hata kama goti lingekuwa ndilo, nilimnyang'anya muda wa kusema.

Na neno la kusema lipo. Asiyeweza kugonga kwa mkono wala mguu anasema "maitta". Limetoka kwenye kitenzi cha unyenyekevu, mairu, ambacho kwa kawaida ni kwenda au kuja mbele ya mkubwa wako. Kwa hiyo anayesema maitta hajalia wala hajaomba; amejishusha kwa adabu. Sisi mtaani tuna mtama na ngwala za kumwangusha mtu, tuna roba ya kumkaba, lakini kwa kiungo kilichokazwa hatukuwa na jina, na kwa kukubali kushindwa tuna "yaishe" ambayo mtu huisema kwa uchungu. Siku hizi nami nafundisha, na maitta nimewafundisha wanafunzi wangu wote, nawataka walitamke kwa sauti angalau mara moja kila zoezi ili lisiwe geni mdomoni siku likihitajika.

Japani kuna taaluma inayoitwa judo seifukushi, watu wenye leseni ya serikali ya kutibu walioteguka na waliovunjika bila kupasua. Neno judo limo kwenye jina la kazi yao. Nilipomsimulia fundi, wakati huo tayari anatembea vizuri, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama yake alikuwa amempeleka kwa bibi mmoja mkandaji baada ya bandeji kutolewa, na bibi yule alimuuliza kitu cha kwanza: ulianguka au uliangushwa? Alitaka kujua nguvu ilitoka upande gani.

Alirudi mazoezini mwezi wa tano. Watu wakampisha, kila mmoja anaogopa kuwa mwenzake, na mimi nikawa nimesimama ukutani na mkanda wangu mkononi. Alikuja akaketi mbele yangu, akainama, nikainama.

"Tuanze na ile," alisema.

"Kaka, ipo nyingine nyepesi."

"Hiyo hiyo. Goti la nani?"

"Langu."

"Mkono?"

"Wako."

Akaninyooshea mkono wa kulia, kidole gumba juu.